Kabla Hamjalipia Chumba, Semeni Mnachoogopa

Mwishoni mwa 2020 mimi na rafiki yangu tulikwenda kupumzika ufukweni kwa siku saba. Tunajuana zaidi ya miaka kumi, tumesafiri pamoja mara nyingi, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa nani alale kitanda cha dirishani. Safari hiyo nusura tuachane kabisa, na wala si kwa sababu kuna aliyeugua korona.

Tulizungumza tarehe, tukazungumza nauli, tukazungumza hoteli. Woga hatukuugusa. Mimi nilikuwa mtu wa kuvaa barakoa hata nikishuka ngazi kutupa taka. Mwenzangu alikuwa akiivaa anapomwona mlinzi mlangoni. Kwenye simu wote tulisema "tutakuwa waangalifu", kila mmoja akaelewa lake, tukalipa.

Jioni ya kwanza tulikaa nje, upepo unavuma vizuri. Muziki ukaanza ukumbini, naye akaingia kuchungulia. Humo ndani madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na watu wanapaza sauti ili wasikilizane. Alikaa kama saa nzima. Alipotoka alikuwa amechangamka, akavuta kiti karibu yangu aanze kunisimulia, nami nikasogeza changu nyuma. Sikukusudia, mwili ulijisogeza wenyewe. Akaiona ile hatua ya miguu ya kiti kwenye mchanga. Akaokota viatu vyake, akaenda kulala. Siku mbili zilizofuata tuliishi kama wapangaji wawili waliokutanishwa na dalali.

Kwa hiyo kabla hamjatoa hata senti, kaeni muulizane, na maswali yawe ya kujibiwa ndiyo au hapana. "Tutakuwa waangalifu" si jibu. Tutakula ndani, au nje tu? Tutapanda gari moja na watu tusiowajua? Ukikutana huko na mtu unayemfahamu, ataingia chumbani kwetu? Na lile ambalo wengi hulisahau: wiki moja kabla ya safari utakuwa wapi? Mkilala chumba kimoja mmeshakuwa kaya moja, na kila uliyekaa naye wiki iliyopita unakuja naye.

Ulizeni pia mtarudi kwa nani. Mimi nilikuwa narudi kwa mama mwenye kisukari, na tayari ilijulikana kwamba wazee na wenye maradhi kama hayo ndio korona iliowaumiza zaidi. Rafiki yangu anaishi peke yake. Mama anamjua, tena wanapendana, lakini hakuwahi kuunganisha ugonjwa wa mama na kiti changu kurudi nyuma. Angeunganishaje, wakati sikumwambia?

Sasa vyeti. Wote wawili tulikuwa na majibu ya PCR, kile kipimo cha maabara cha korona, yasiyozidi saa 72, tukajiona tumeshamaliza kazi. Kipimo kile kinaeleza hali yako siku uliyochokonolewa pua, basi. Virusi vya wakati ule vilikaa mwilini siku tano au sita kwa wastani kabla ya dalili kuonekana, wakati mwingine hadi siku 14, na mtu alianza kuambukiza kama siku mbili kabla hajajisikia vibaya. Ukiambukizwa leo ukapimwa kesho, huenda ukaonekana huna kitu, ukasafiri na cheti chako safi na virusi vyako. Kipimo kizuri, fanyeni, ila msivue barakoa kwa sababu yake.

Asubuhi ya siku ya nne mwenzangu aliamka koo linamuuma.

Hakuniambia moja kwa moja. Nilimsikia akikohoa bafuni huku amefungulia maji ili nisisikie. Alipotoka tulitazamana, nikafungua dirisha na mlango, nikavaa barakoa, nikaanza kukunja nguo zangu. Nilikwenda mapokezi kuomba chumba cha pili. Kilikuwepo, kwa bei kamili, na hapo ndipo nilipogundua kitu kingine ambacho hatukuwahi kukigusa: chumba hicho nani anakilipia? Aliyeumwa? Anayehama? Ukianza kulitafuta jibu lake asubuhi ileile, mwenzako amekaa kitandani anakutazama, kila senti itasikika kama lawama.

Alikwenda kupimwa, majibu tukaambiwa kesho jioni. Chumba chake kilikuwa cha chini, basi nikachukua kiti cha plastiki nikakiweka nje ya dirisha lake, hatua tatu nne hivi. Yeye akasogeza chake upande wa ndani. Tulikaa hivyo mchana kutwa, bahari nyuma yangu, hakuna hata aliyekwenda kuogelea.

"Unadhani nimekuletea ugonjwa, sivyo?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nikamwambia ndiyo.

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyechoka, akasema, "Sasa ungeniambia siku ile ile ningetoka ukumbini. Mimi nilidhani umeniona mshamba wa muziki."

Majibu yalitoka hana korona. Huenda lilikuwa koo la kiyoyozi, huenda ni chumvi aliyoimeza siku ya pili. Tuliendelea kulala mbalimbali mpaka koo lilipopoa, na chumba tuligawana baada ya kuvutana kila mmoja akitaka kulipa chote. Lakini yangetoka mengine je? Yeye angefungiwa pale, nami niliyelala naye chumba kimoja siku tatu ningewekwa karantini pia, hata nikiwa mzima wa afya. Kwa hiyo wekeni kando fedha za siku kadhaa za ziada, mwambie mwajiri mapema, na kubalianeni kwamba hakuna atakayemkimbia mwenzake.

Kuhusu kurudishiwa fedha nitasema machache tu, maana nikianza sitamaliza. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, na bima nyingi za safari zilizouzwa baada ya hapo zilikwepa hasara yoyote inayotokana nalo, au zilibana sana. Yasomeni yale maandishi madogo. Mkiambiwa "mtarudishiwa", ulizeni ni fedha taslimu au vocha. Mimi ninayo vocha moja ambayo siku zake zilikwisha wakati mipaka bado imefungwa.

Bahari yenyewe, nashukuru, ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote. Maji ya chumvi hayakuwa tatizo, tatizo ni vichwa vinavyopumuliana. Ila kuna jambo dogo ambalo sijaona likitajwa: tazameni ratiba ya maji kupwa na kujaa. Ufukwe uliouona mpana asubuhi, maji yakijaa unabaki ukanda mwembamba, na watu wote waliokuwa wametawanyika wanarudi kubanana kwenye mchanga uliobaki. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo hubana zaidi. Sehemu nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa iliyokufaa leo si ya kesho kutwa. Sisi tulikuwa tunatoka yanapokupwa na kurudi yanapoanza kupanda. Mkitaka kuogelea yakiwa yamejaa, chagueni siku yanapojaa alfajiri, kabla watu hawajawa wengi.

Barakoa msiingie nayo majini, ikilowa haipitishi hewa vizuri. Bebeni mbili tatu kavu kwenye mfuko unaofungika. Na mikono yenye mchanga na mafuta ya jua haitakasiki vizuri kwa kitakasa mikono, ioshe kwa maji na sabuni.

Mwaka 2021 tulikwenda tena. Safari hii tulisubiri hadi zipite wiki mbili baada ya dozi ya pili ya chanjo, tukachukua nyumba yenye vyumba viwili na madirisha pande mbili, na wiki moja kabla tulikaa chini tukaandika masharti yetu kwenye simu. Yalikuwa tisa. La kwanza aliandika yeye: hakuna kusogeza kiti kimyakimya. La mwisho niliandika mimi, kwamba chumba cha ziada kikihitajika tunagawana nusu kwa nusu. Akaisoma, akaichukua simu, akaongeza: "hata kama mgonjwa ndiye aliyekwenda kusikiliza muziki."