Tela ndilo litakalokuamulia injini

Umeuliza uchukue petroli, dizeli au gesi, kwa gari la fowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) la kwenda kazini kila siku na kuvuta tela njia mbovu mara mojamoja. Ndugu yangu, kabla ya yote niambie: hilo tela ni mara ngapi?

Kama ni kila wiki, chukua dizeli. Yenye turbo hutoa nguvu yake kubwa mapema, kwenye mizunguko ya injini kama 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Kwenye mlima wa mawe unaweka gia nzito ya chini, unagusa mafuta kidogo, na gari linapanda polepole kama mzee na mkongojo wake. Petroli utaikanyaga mpaka ilie, matairi yaanze kuchimba.

Ila dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Safari fupifupi za mjini haziipi ekzosi joto la kutosha kuyachoma, kinaziba, na kukibadilisha ni ghali. Maji yakiingia kwenye dizeli nayo, nozeli na pampu ndizo zitakazoumia.

Gesi? Lita moja ya LPG, gesi ya mtungi kama ile ya kupikia, ina nishati pungufu ya petroli kwa takriban robo, na mtungi utakula nafasi ya buti au ya tairi la akiba. Porini utaijaza wapi?

Kwa ulivyoeleza, wewe ni mtu wa petroli. Gesi utaifunga baadaye ukitaka.