Bafu halichukuliwi

Mwalimu mmoja wa historia anaandaa somo la Warumi wa kale. Kitabu alichonacho kinasema: "Warumi walichukua bafu kila alasiri, wakajisafisha kwa kisu cha kuogea." Ananiuliza kama "kisu cha kuogea" ni jina sahihi la chombo hicho.

Mwalimu, kisu kitangoja. Kinachonikera ni hilo "walichukua bafu", maana nalisikia redioni, nalisoma kwenye matangazo ya hoteli, na sasa limeingia darasani.

Kuchukua ni kubeba. Ndiyo maana tuna mchukuzi na uchukuzi. Bafu, neno tulilolipata kwa Mwingereza, ni chumba au beseni kubwa la kuogea. Basi aliyechukua bafu ameling'oa na kuondoka nalo. Lipime kwa bafu za Caracalla, mfalme wa Roma, zilizofunguliwa mjini humo mwaka 216: ukumbi wa maji baridi, chumba cha vuguvugu, chumba cha moto, na chini ya sakafu uwazi uliopitisha hewa ya tanuri. Nani alizichukua? Watu waliingia, wakavua nguo, wakatoka jasho, wakaoga. Wakaoga! Neno lipo, fupi, na mtoto wa miaka miwili analijua.

Tena si hilo tu. Uso na mikono tunanawa, kwa sala tunatawadha, chooni tunachamba, nguo tunafua, vyombo tunaosha. Unguja wanasema kukoga, na kule Makunduchi hata mwaka hukogwa, katika sherehe ya Mwaka Kogwa. Lugha yenye kitenzi cha kuogesha mwaka mzima haina haja ya kuazima "chukua" kutoka "take a bath" ya Mwingereza ili mtu ajimwagie maji.

Sasa chombo chako. Warumi, kama Wagiriki kabla yao, hawakuoga kwa sabuni. Neno sabuni limetufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ni "sapo" ya Kilatini, lakini Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anaieleza sapo kuwa kitu cha Wagali, wenyeji wa Ufaransa ya kale, cha kutia nywele wekundu. Mwili ulipakwa mafuta ya zeituni, kisha mafuta, jasho na vumbi vikaondolewa kwa "strigilis": bapa la shaba nyeusi au chuma, limepinda kama mundu, lina mfereji wa kuteremshia uchafu, na halina makali. Sanamu ya marumaru iliyofukuliwa Trastevere, mtaa wa Roma, mwaka 1849, sasa iko Vatikani, inamwonyesha mwanariadha amenyoosha mkono wa kulia, na kwa wa kushoto anakipitisha chombo hicho.

Kisu hukata, kwa hiyo hapana. "Kikwaruzo" pia hapana, maana kukwaruza huacha alama. Aliyewahi kuondoa ukoko kwenye sufuria anakijua kitenzi chake: kukwangua. Kiite kikwanguo. Suetonius, mwandishi wa maisha ya wafalme wa Roma, anaandika kwamba Augustus, mfalme wao wa kwanza, alijikwangua kwa nguvu na mara nyingi hata ngozi ikaota sugu.

"Bafu" kwa maana ya jengo naivumilia, ingawa "hamamu", yaani nyumba ya kuogea, ingefaa zaidi: hamamu za Waislamu zilirithi vyumba vile vya moto na baridi, na Unguja lipo jengo la hamamu la Sultani Barghash, mtaa wake ukaitwa Hamamni.

Ubaoni andika hivi: "Warumi walikwenda hamamu kila alasiri, wakajipaka mafuta, wakajikwangua kwa kikwanguo, wakaoga."