Honda CG 125 ya babu: anza na injini, rangi iwe ya mwisho

Mkuu, umesema babu amekuachia Honda CG 125, imelala stoo miaka kumi na tano, kiki imegoma, na unataka kuikata fremu kwa nyuma ili uweke siti fupi ya mtu mmoja. Mimi niliifufua ya baba hapa nyumbani Morogoro, miezi minane ya Jumamosi na Jumapili. Nakuomba sana, fremu usiikate.

Kwanza tafuta kadi, uone kama namba za chesisi na injini zinalingana nayo.

Kiki ikigoma hivyo, mara nyingi pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Usiirukie, utavunja meno ya ndani. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli yenye oili kidogo kwenye tundu, nikaiacha siku nne. Kisha nikaingiza gia ya juu kabisa, nikawa nalitikisa gurudumu la nyuma huku na huku, taratibu. Siku ya tano likalia "tk", kama ukucha unaokatwa, tairi likasogea upana wa kidole. Furaha niliyoipata siku ile siwezi kuieleza.

Kwenye silinda ndipo nilipoumia. Fundi wa kukereza aliitanua kwanza, pistoni nikanunua baadaye, ikaingia kwa kubana. Sikumaliza kilomita arobaini, injini ikapata moto ikakamata, nikasukuma hadi nyumbani. Pistoni inunuliwe kwanza, ipelekwe pamoja na silinda, fundi akereze kwa kuipima hiyo hiyo. Nafasi inayotakiwa kati yao ni nyembamba kuliko unywele, haikadiriwi kwa macho.

Spea zisikutishe. Honda waliitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki inabebeshwa mizigo na oili inachelewa kubadilishwa. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fito, hakuna cheni ya kamu, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, ya kulegea. Wachina wakaiga injini hiyo, kwa hiyo gasketi, ringi na sahani za klachi zimejaa madukani. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, ulinganishe hapo hapo kaunta. Tapeti, yaani ile nafasi ndogo ya valvu, weka 0.08 mm injini ikiwa baridi kabisa.

Angalia na umeme. Nyingi za zamani ni volti 6. Ukifunga balbu ya volti 12 itawaka kama kibatari, halafu utalaumu waya.

Tenki nililijaza siki na kiganja cha nati ndogo, nikawa nalitikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Nikalisuuza kwa maji yenye magadi, nikalikausha juani, nikalizungushia oili ndani siku hiyo hiyo, maana bati tupu linashika kutu upesi.

Urembo sasa. Nilishusha usukani, nikatoa keria, nikashona siti fupi inayofungwa kwa bolti zile zile za zamani. Nikitaka kurudisha ya baba, ni kazi ya nusu saa. Boksi la cheni nililiacha, kwa vumbi letu hili linaiokoa cheni. Ukikata fremu hurudi nyuma, na kiungo cha kulehemu vibaya kinaweza kuachia ukiwa barabarani.

Ukishafungua silinda, soma namba iliyogongwa juu ya pistoni, 0.25 au 0.50, yaani milimita ambazo silinda imeshatanuliwa, uiandike hapa. Tutajua kama bado kuna nyama ya kukereza.