Sufu yako imegandana kwa beseni? Usinunue gurudumu lingine

Mama wa Molo anasema amenyoa kondoo wake, akaloweka manyoya kwa maji moto na sabuni ya unga, akasugua kabisa kama nguo, yakatoka yameshikana kipande kimoja hakichambuki, sasa anauliza kama anunue gurudumu lingine la kusokotea. Mama, hiyo pesa weka.

Mimi nafuga Corriedale, kondoo wa sufu, huku Kinangop na uzi nasokota mwenyewe. Kila unyoya wa sufu una magamba madogo sana, ukiupatia joto, maji na kusugua kwa pamoja yanaingiana na hayaachani tena. Maji moto peke yake hayana shida, tena lazima yawe moto ndio yale mafuta ya kondoo yatoke. Natumia maji ya nyuzi joto 60 hivi, mkono hauvumilii bila glavu, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya unga achana nayo ni kali inakula sufu. Weka manyoya kwa neti, zamisha polepole, acha robo saa, usikoroge, usikamue, na utoe kabla maji hayajapoa, kwa sababu yakipoa mafuta yanarudi kushika. Ya kusuuza yawe na joto lile lile. Na kama unaloweka kwanza bila sabuni hayo maji mwagia sukuma, jasho la kondoo lina potasiamu nyingi.

Lakini sufu nyingi naona inaharibikia mbali na beseni, siku ya kunyoa, na hii inaniuma sana kwa sababu ni mali ya mwaka mzima. Watu wananyolea kondoo bomani juu ya mavi na nyasi, halafu wanashangaa broka akiwapatia pesa ya chumvi! Tandika turubai safi, kondoo awe mkavu, usiku asile. Mnyoaji akirudia mkasi pale pale alipopita anakuachia vipande vifupi, hivyo ndivyo vinatoa vinundu kwa uzi, mwambie ukweli hapo hapo. Akimaliza tandaza, toa ya tumbo, ya miguu na ya matako, hiyo tupa kwa mashina ya miti bila kuhurumia. Kilo tatu chafu zikikuachia kilo moja na nusu safi usidhani umeibiwa, ni mafuta na vumbi vimetoka.

Pia hukusema ni kondoo gani. Kama ni Dorper, huyo alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya nyama, manyoya yake yamechanganyika na nywele na yanajiangukia yenyewe, uzi wa sweta hutapata. Yule mwekundu wa Kimaasai ni nywele tu. Tafuta Corriedale au Merino, hata chotara mzuri atakufaa.

Kile kipande kilichogandana usitupe, kikate soli za ndani za gumbuti, asubuhi ya baridi ya Molo utaniombea. Na ukipata nauli fika Nanyuki kwa akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, wako kwa hii kazi tangu 1977, angalia wakisokota, mkono wa nyuma unavyoachilia sufu kidogo kidogo, hiyo siwezi kukuelezea kwa maandishi. Beba manyoya yako kidogo, yasiyooshwa.