Shangazi, mume wangu anaonea wivu sauti za redioni

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, na ni mwanaredio wa ridhaa mwenye leseni. Jioni kazi za nyumbani zikipungua huwasha mitambo yangu, huvaa hedifoni na kuzungumza na watu wa nchi za mbali. Mwanzoni mume wangu alikuwa pamoja nami, hata waya wa antena alinifungia yeye. Siku hizi amebadilika. Analalamika kuwa nikirusha mawimbi runinga inanguruma, na kwamba hawezi kuishi na mwanamke anayecheka usiku na wanaume asiowajua. Mwezi uliopita ilikuja kadi ya posta kutoka kwa mwanaredio mwenzangu wa nje, na chini yake ameandika 88. Mume wangu akatafuta maana, akakuta ni 'mapenzi na mabusu'. Tangu siku hiyo hatusemeshani vizuri. Ameniambia nichague, yeye au wanaume wangu wa hewani. Shangazi, sina mwanamume mwingine. Lakini nikisema ukweli wote, huko hewani nasikilizwa. Nimefikiria kuuza kila kitu. Nimefikiria pia nisubiri alale, nitumie FT8, ile ya kutumiana maandishi kwa kompyuta, au alama za Morse, ambazo hazina maongezi. Nifanye nini? Ni mimi, Msikilizaji wa Usiku."

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la kusubiri alale, maana ndilo linalonitia hofu. Usithubutu. Najua FT8 haina sauti: kompyuta yako inatuma ujumbe mfupi kwa sekunde 15, ya mwenzako inajibu, na nyumba nzima inaendelea kulala. Sasa jiweke mahali pa mumeo. Anaamka saa nane za usiku kwenda kunywa maji, anamkuta mke wake gizani mbele ya skrini, kimya, anaandikiana na mtu. Leo ana kadi moja tu mkononi. Siku hiyo atakuwa na mke anayejificha, na hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayomtuliza. Morse kwa hedifoni usiku wa manane ni vivyo hivyo.

Kuuza nako sikushauri. Leseni hiyo uliipata kwa kusoma na kufanya mtihani. Ukiuza mitambo kwa sababu ya tuhuma, utakuwa umekiri kosa ambalo hukulitenda, na kila jioni utakayokaa mbele ya meza tupu utamhesabia mumeo deni. Nimesoma barua nyingi za watu walioacha kitu walichokipenda ili kununua amani. Amani hiyo haikai.

Tuje kwenye kadi. Tarakimu hizi wanaredio walizirithi kwa waendesha telegrafu wa karne ya 19. 73 ni salamu njema, hutumwa kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. 88 ndiyo hiyo aliyoikuta mumeo. Wazee wengi wa hewani huwatumia wanawake 88 kwa mazoea tu, wakiona ni adabu ya kuagana, hawaipimi uzito. Ila nakuomba usiende kwa mumeo ukamwambia hajui mambo ya redio. Amesoma sawasawa. Mwambie: "Ndiyo, maana yake ni hiyo, aliandika yeye, mimi sikumtumia." Kama uliwahi kuijibu kwa mzaha, mwambie na hilo, kisha koma. Kuanzia sasa jibu lako kwa kila mtu ni 73. Atakayeendelea kukutumia mabusu mwambie kwa heshima kwamba huyataki, na asiposikia, badilisha masafa. Mwanamke hakuchukua leseni ili awe wa kupapaswa kwa tarakimu, na wanaredio waungwana wanalijua hilo.

Kuna jambo jingine kwenye kadi hiyo ambalo hukuligusa. Ilifikaje mlangoni kwako? Bila shaka anwani yako ipo wazi kwenye orodha za mtandaoni, kama ile ya QRZ.com, ambako mtu akiandika alama yako ya wito, yaani jina lako la hewani la herufi na tarakimu, anaona unapoishi. Hapo mumeo ana haki ya kuwa na wasiwasi, tena mimi ningekuwa nao zaidi yake. Ondoa anwani ya nyumbani leo hii kila mahali ambapo sheria ya leseni yako inakuruhusu. Tumia sanduku la posta, au kadi zipitie kwenye chama cha wanaredio, au thibitisha mawasiliano kwa njia ya kielektroniki kupitia Logbook of the World, daftari la mtandaoni la wanaredio, ambalo halihitaji mwenzako wa hewani kujua mtaa wako. Ukimwonyesha mumeo kwamba umelifanya hilo, ataona kuwa hofu yake umeisikia.

Sasa jambo ambalo mumeo halijui, na ambalo wewe umelizoea mpaka umesahau kumwambia. Redio ya ridhaa ni mahali pabaya kuliko pote pa kuficha mapenzi. Kanuni za kimataifa za redio, zile za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinakataza kabisa kusema kwa mafumbo ili watu wasielewe. Zinakutaka ujitaje kwa alama yako ya wito kila baada ya muda mfupi. Zinawataka mzungumze mambo ya redio yenyewe na maneno ya kawaida ya binafsi, basi. Na kila unalosema, mtu yeyote mwenye kipokezi anaweza kulisikia, kuanzia jirani hadi afisa wa mamlaka ya mawasiliano. Simu iliyo mfukoni mwa mumeo ina siri nyingi kuliko mitambo yako yote.

Lakini usimpe maneno haya kama hotuba. Mpe asikie. Chuo Kikuu cha Twente cha Uholanzi kina kipokezi kilichounganishwa na intaneti tangu 2008, na vipo vingine vya aina hiyo duniani kote. Chagua kilicho upande ambao mawimbi yako yanafika saa hiyo, mwekee mumeo kwenye simu yake, mwonyeshe namna ya kuweka namba ya masafa, kisha mwache akae chumba kingine na wewe uzungumze kama kawaida. Atakusikia ukitoka ng'ambo, sauti ya mkewe iliyokwenda hadi angani, ikarudi ardhini nchi nyingine, ikamfikia sekunde chache baada ya wewe kusema. Atasikia na hao wanaume pia, wakieleza hali ya hewa, wati walizonazo, antena zao, na goti linalouma. Nadhani atashangaa kwamba ni hicho tu.

Na toa hedifoni. Mwanangu, hapa ndipo nilipoisoma barua yako mara mbili. Unasema yeye ndiye aliyekufungia waya. Kwa antena ya masafa ya mita 40, yaani ya mawimbi yenye urefu wa karibu mita hizo, huo ni waya wa karibu mita 20, si kazi ya dakika tano, na ilibidi apande, apime, akaze, ashuke, apande tena. Alikuwa ndani ya jambo hili. Kazi ilipokwisha ukavaa hedifoni, na kuanzia hapo anachokisikia ni upande mmoja tu wa mazungumzo: wewe ukicheka, kisha kimya, kisha ukicheka tena. Yeyote angejaza kile kimya kwa mawazo yake, na mawazo ya usiku huwa hayana huruma. Weka spika. Kama kelele za mawimbi zitawasumbua watoto, punguza sauti, lakini mlango uwe wazi.

Kuna na suala la saa, na hapa nitakutetea kidogo kabla sijakulaumu. Mchana jua hujenga tabaka la chini la ayonosfia, ile sehemu ya juu ya angahewa inayogusa mawimbi ya redio; ni tabaka D, linalomeza mawimbi ya mita 80 na 40. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na tabaka F la juu linabaki likiyarudisha mawimbi ardhini mbali sana. Ndiyo maana dunia inakufungukia jioni, saa zilezile watoto wana kazi za shule na mumeo anataka kusimulia siku yake ilivyokwenda. Saa hizo hukuzichagua wewe. Mumeo anaona unamkimbia, kwa kuwa hajui kwamba jua ndilo linalopanga ratiba. Mweleze.

Kisha ukubali kwamba jua linakupa na nafasi nyingine. Masafa ya mita 15 na mita 10 hupenda mchana, na huamka sana jua linapokuwa na madoa mengi. Mzunguko wa jua ni wa takriban miaka 11, na Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza kwamba lilikuwa limefikia kipindi cha kilele. Kushuka kwake huwa ni kwa polepole, kwa hiyo usiiache nafasi hii. Mchana wa mwisho wa wiki, mita 10 ikifunguka, wati chache tu zinavuka bahari. Hamishia huko sehemu kubwa ya mawasiliano yako. Jioni mbili kwa wiki ziwe za mita 40, zijulikane na kila mtu nyumbani, na jioni nyingine mitambo iwe imezimwa. Nasema imezimwa, si kuachwa ikinong'ona pembeni huku sikio lako moja liko huko. Mashindano makubwa, kama yale ya sauti ya CQ World Wide yanayochukua saa 48 katika Jumamosi na Jumapili kamili za mwisho za Oktoba, yaandike kwenye kalenda ya nyumbani mapema, na uulize kwanza kama familia haina shughuli yake.

Kuhusu runinga inayonguruma, hilo ni la kumaliza wiki hii. Mlalamikaji ana haki yake yote, na dawa yake ni rahisi. Kama unarusha kwa wati 100, shuka hadi 25. Anayekusikiliza ataona sindano yake imeshuka alama moja tu ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokewa, na mara nyingi hatatambua. Zungushia nyaya za runinga na spika zake kwenye vipande vya feraiti, ile kauri yenye chuma inayozuia mawimbi yasiyotakiwa, mizunguko kadhaa, si mmoja. Kama antena inaweza kusogezwa mbali na ukuta wa sebule, isogezwe, na umwombe mumeo msaada. Asipotaka, usimlazimishe, ila umwombe.

Nimebakiza sentensi yako moja: "huko hewani nasikilizwa." Hiyo ndiyo barua yako, mwanangu, mengine yote ni maelezo.

Fikiria ni kwa nini unasikilizwa huko. Ukibonyeza kitufe cha maikrofoni, wa upande wa pili lazima angoje. Hawezi kukukatiza, kwa sababu ukiwa unarusha humsikii hata akipiga kelele. Unamaliza, unampa zamu, naye anaanza kwa kurudia ulichosema ili ujue kimefika. Isitoshe, sauti za wanawake ni chache kwenye masafa hayo, kwa hiyo ukiita wanapanga foleni. Nani asingependa? Mimi siwezi kukulaumu kwa kufurahia. Lakini wanaume wale wanakusikiliza dakika tano kisha wanaandika alama yako daftarini na kumwita mwingine. Hawajui mtoto wako anaumwa. Hawakuulizi kesho yake ulilalaje. Unayetamani akusikilize ni huyu aliyekufungia waya, na sina hakika kama umewahi kumwambia hivyo kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi.

Mwambie. Chagua saa ambayo mitambo imezimwa na watoto wamelala, usianze na kadi wala na 88. Anza na hili: kwamba kuna mahali unasikilizwa, kwamba mahali hapo si nyumbani, na kwamba linakuumiza. Kisha unyamaze, umwachie zamu. Huenda akakuambia kwamba na yeye kicheko kile anachokisikia kupitia ukuta hajakisikia mezani kwa muda mrefu. Akisema hivyo usijitetee. Nahisi hicho ndicho anachokionea wivu, kuliko mwanamume yeyote wa ng'ambo.

Ni mazungumzo magumu, na huenda yasiishe usiku mmoja. Mkishayafanya, na spika ikiwa wazi, na saa zikiwa zimepangwa, na runinga imetulia, kama bado atakuambia uchague, basi tatizo si redio, na mtahitaji mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili akae katikati yenu. Na akianza kuvunja vitu au kukuinulia mkono, usibaki ukibishana naye juu ya waya. Chukua watoto, nenda mahali penye usalama kwanza, umweleze mtu wako wa karibu, ndipo uniandikie.

Shangazi