Cheti cha Kaisari: kosa lilikuwa wapi?

SWALI: Katika darasa letu la Biblia tulisoma kwamba mwaka 250 Wakristo wengine walitoa fedha wakapewa cheti cha kwamba wametambikia miungu ya Roma, ilhali hawakugusa hata chembe ya uvumba. Kama moyo ulikataa, kosa lilikuwa wapi? Na kanisa liliwafanyaje? – Msomaji, Iringa

JIBU: Anza na cheti chenyewe. Kaisari Decius aliagiza watu wa dola nzima watambike mbele ya tume ya mahali pao. Huko Misri vimepatikana vyeti zaidi ya 40 vya mafunjo, vya Juni na Julai 250. Kimoja ni cha Aurelius Diogenes, mzee wa miaka 72 mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Kovu liliandikwa limtambulishe. Maneno yake kwa ufupi: siku zote nimetambikia miungu, na sasa mbele yenu nimemimina kinywaji, nimetoa sadaka na kuionja, naomba mthibitishe. Kisha sahihi na tarehe.

Basi aliyekinunua alikwepa madhabahu, lakini alikiri kwa maandishi kwamba maisha yake yote ameabudu miungu. Huko ni kumkana Kristo mbele ya watu (Mathayo 10:33). Hata kumtuma mtu akuchukulie hakukusaidia: makasisi wa Roma waliandika kwamba aliyeagiza jina lake liandikwe amehusika, hata kama hakuwepo.

Kukimbia, kwa upande mwingine, hakukuhesabiwa dhambi. Sipriani, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, alijificha na mali yake ikatangazwa kutaifishwa.

Kuhusu waliorudi wakilia, Sipriani alipima kwa uangalifu ambao mimi nauheshimu sana. Aliyekimbilia madhabahuni siku ya kwanza hakumweka sawa na aliyepambana mpaka akaburutwa. Wala aliyewapeleka mke na watoto watambike hakumlinganisha na aliyekwenda peke yake ili awakinge wa nyumbani. Wengi wa wenye vyeti walijitetea kwamba walimwambia hakimu wazi: mimi ni Mkristo, siruhusiwi kutambika, nakulipa nisifanye. Mkutano wa maaskofu wa Karthago mwaka 251 ukaamua wenye vyeti wapokelewe baada ya kila shauri kuchunguzwa, na waliotambika wabaki katika toba, wakipewa amani, yaani kupokelewa tena kanisani, wakiwa mahututi. Baadaye, mateso mapya yaliponukia, hao nao wakapokelewa, wasiingie vitani bila Meza ya Bwana.

Palipoharibika ni kwenye barua. Waumini waliofungwa kwa ajili ya imani waliwaandikia walioanguka barua za kuombea wapokelewe, na nyingine zilisema tu “fulani na watu wake”. Sipriani alizikataa hizo: “watu wake” wangeweza kuwa 20, 30 au zaidi. Alitaka majina, na ushahidi kwamba kila mmoja ametubu.

Ukiletewa hati na mwenye mamlaka leo, soma kila sentensi kabla ya kuuliza ni ya nini. Kodi na kujiandikisha ni haki ya serikali (Warumi 13:7). Sentensi inayokutaja kuwa mwabudu wa kitu kingine, omba kwa maandishi iondolewe, ubaki na nakala. Wakikataa, usitie sahihi, wala usimtume ndugu akutilie.