Elvis wa Memphis: Tusiisahau Mashine

Mhariri, wiki hii mmeuliza Elvis Presley aliimba vizuri zaidi wapi: Sun, kampuni ndogo ya kurekodi kule Memphis, au RCA, kampuni kubwa alikohamia? Wengi watajibu Sun chapuchapu, na watasifu sauti. Kinachowavutia hasa ni ule mwangwi, na mwangwi haukutoka kooni kwa Elvis. Ni kazi ya Sam Phillips, mwenye Sun, na mashine zake mbili za kurekodi kwenye mkanda, aina ya Ampex.

Mashine ya kwanza inarekodi. Sauti hiyohiyo inapitishwa kwenye ya pili, inanaswa na kusomwa papo hapo. Kwa kuwa mkanda unakifikia kichwa cha kurekodi (sehemu inayoandika sauti) kwanza, kisha kichwa cha kusoma kilicho mbele kidogo, sauti inarudi ikiwa imechelewa. Mkanda ukienda inchi 15 kwa sekunde, na vichwa vikiachana inchi 2, inachelewa kama sekunde 0.13. Punguza mwendo hadi inchi 7.5, muda huo unakuwa mara mbili na maneno yanaanza kukanyagana. Na ukiiacha sauti iliyorudi iingie tena mashine ya pili, mwangwi unazaa mwangwi mpaka studio nzima inavuma.

Chukueni usiku wa Julai 5, 1954. Chumbani wako watatu tu: Elvis na gitaa lake, Scotty Moore kwenye gitaa la solo, Bill Black kwenye besi kubwa ya kusimama. Ngoma hakuna. Wanaanza na nyimbo za polepole, "Harbor Lights" na "I Love You Because", mambo hayaendi. Wanapumzika. Elvis anaanza kufanya mzaha na "That's All Right" ya mwimbaji wa blues Arthur Crudup, Black anamfuata, Moore naye anatafuta pa kuingilia. Phillips anawasimamisha, anawataka waanze upya ili arekodi. Sasa sikilizeni besi peke yake. Black anavuta waya na kuuachia, unagonga ubao: tak. Ule mlio ndio unaoshika nafasi ya ngoma. Siku chache baadaye wakaingia "Blue Moon of Kentucky" ya upande wa pili wa santuri. Bill Monroe, mtunzi wake, aliipiga mapigo matatu, wao wakaigeuza manne, na humo mwangwi umekolea zaidi: kila mlio wa besi unajibiwa, na watu watatu wanasikika kama bendi kamili. Santuri ikatoka Julai hiyohiyo, namba 209 ya Sun, ya mizunguko 78 kwa dakika na ya 45.

Lakini hapa hoja yangu inaanza kuyumba. "I Love You Because" ilirekodiwa usiku uleule, chumba kilekile, fundi yuleyule, na Phillips hakuitoa. RCA ndio walioitia kwenye LP (santuri ya nyimbo nyingi) ya 1956. Basi mashine peke yake haikutosha.

Halafu RCA wenyewe: walilipa dola 35,000 kumchukua Novemba 1955, na Januari 1956 wakaingia studio Nashville bila utaalamu wa Phillips. Mwangwi wa "Heartbreak Hotel" waliupata kwenye korido ya jengo, mzito na wenye mkia mrefu, si ule mkavu wa Memphis. Pamoja na hayo, sauti ya Elvis inasimama.

Kwa hiyo, kama swali ni kuimba tu, kura yangu ni RCA. Ila nazungumzia vikao vya kurekodi vya 1956, si kila kitu alichokitoa baada ya kutoka jeshini. Na msihukumu kwa matoleo ya miaka ya 1960 yaliyogeuzwa stereo (sauti ya pande mbili) kwa ujanja wa umeme, besi upande huu, sauti kali upande ule. Kama ndilo mlilo nalo, bonyezeni kwanza kitufe cha mono, kinachounganisha pande zote mbili.